Vikosi vya Kujilinda vya Japani: Miaka 70 Chini ya Ibara ya 9

Kisheria, Vikosi vya Kujilinda vya Japani vilizaliwa tarehe 1 Julai 1954. Sikukuu yao, hata hivyo, huadhimishwa tarehe 1 Novemba. Julai hadi Oktoba ni miezi ya mvua kubwa na vimbunga nchini humo, na katika miezi hiyo askari huwa matopeni wakifukua waliofunikwa na maporomoko na kupanga viroba vya mchanga kwenye kingo za mito. Nafasi ya gwaride haipatikani. Ndiyo maana mwaka 1966 sikukuu ilipangiwa Novemba, vimbunga vikishapita. Jeshi linaloahirisha siku yake ya kuzaliwa ili lisikosekane kwenye mafuriko limekwisha kutuambia mengi kuhusu nafasi yake kwa wananchi. Mwaka 2024, lilipotimiza miaka 70, askari wake walikuwa wameuanza mwaka kwa kutafuta watu chini ya nyumba zilizoanguka katika rasi ya Noto, ambako tetemeko la ardhi lilipiga siku ileile ya mwaka mpya.

Tangu kuundwa kwake, taasisi hii haijaua mtu vitani. Kwa jeshi lenye askari wapatao 220,000, lenye manowari, nyambizi na ndege za kivita, hilo si jambo dogo. Historia yake, kwa maoni yangu, ni historia ya jinsi hilo lilivyowezekana na ya watu walioligharimia.

Makao makuu yako Ichigaya, kwenye kilima katikati ya Tokyo, na kilima hicho kimeona mengi. Jengo lake mashuhuri lilijengwa mwaka 1937 kwa ajili ya chuo cha maofisa wa Jeshi la Kifalme, na wakati wa Vita Kuu ya Pili likawa makao ya wizara ya jeshi. Japani iliposhindwa, ukumbi wa jengo hilohilo uligeuzwa kuwa mahakama. Humo, kati ya Mei 1946 na Novemba 1948, majaji kutoka nchi 11 walisikiliza mashtaka ya viongozi wa vita, na saba kati ya viongozi hao, akiwamo Jenerali Tojo Hideki, waziri mkuu wa wakati wa vita, wakanyongwa.

Jeshi lililohukumiwa pale lilikuwa limeingia katika kila nyumba ya Japani. Tangu 1873 vijana wa kiume waliandikishwa kwa lazima, na kuanzia miaka ya 1920 maofisa walipelekwa mashuleni kufundisha kwata. Katiba ya 1889 ililiweka chini ya mfalme moja kwa moja, hivyo baraza la mawaziri halikuwa na sauti juu yake. Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1931 maofisa walioko Manchuria walilipua reli wenyewe na kuanzisha vita bila kibali cha serikali yao. Februari 1936 maofisa vijana waliteka katikati ya Tokyo kwa siku kadhaa na kuwaua wakubwa wa serikali vitandani mwao. Mwaka 1937 yalitokea mauaji ya Nanjing, ambayo China haijayasahau hadi leo.

Afrika Mashariki nayo ilikutana na jeshi hilo. Aprili 1942, ndege za Japani zilipoishambulia Colombo, meli za kivita za Uingereza zililazimika kurudi nyuma hadi Kilindini, na Mombasa ikawa kituo chao kikuu katika Bahari ya Hindi. Tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli ya Khedive Ismail iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Baadaye mwaka huohuo askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, katika Divisheni ya 11, walipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw nchini Burma, mvua ikinyesha bila kukoma, hadi wakaufikia mto Chindwin. Wazee wengi waliokulia pwani na bara walikuwa na baba au mjomba aliyerudi kutoka huko, au asiyerudi.

Mwaka 1945 jeshi hilo lilivunjwa lote, nchi kavu na baharini. Japani ilikuwa imepoteza watu wapatao milioni 3, na watu wa Asia waliouawa walikuwa wengi zaidi. Katiba mpya ilianza kutumika tarehe 3 Mei 1947. Ibara yake ya 9 inasema kwamba wananchi wa Japani wanaikana vita milele na kwamba nchi haitakuwa na majeshi ya nchi kavu, ya baharini wala ya anga. Rasimu iliandikwa chini ya Wamarekani waliokuwa wakiitawala nchi, na kuna Wajapani ambao hadi leo hawaridhiki nayo kwa sababu hiyo. Lakini haikubaki kuwa karatasi ya wageni. Akina mama waliopokea habari za vifo vya watoto wao waliishika kwa mikono miwili, na haijarekebishwa hata neno moja tangu hapo.

Miaka mitatu baadaye vita vilizuka Korea. Askari wa Marekani waliokuwa Japani walipelekwa huko, na tarehe 8 Julai 1950 Jenerali Douglas MacArthur alimwandikia barua Waziri Mkuu Yoshida Shigeru akimtaka aunde kikosi cha akiba cha polisi chenye watu 75,000. Kikosi kiliundwa tarehe 10 Agosti kwa amri ya serikali, bila mjadala wa bunge. Waliojitokeza kuomba kazi walizidi 300,000, maana njaa na ukosefu wa ajira vilikuwa vikali na mshahara ulikuwa mzuri. Wakaguzi na wakufunzi walikuwa Wamarekani, bunduki zilikuwa za Kimarekani, na vifaru viliandikwa kwenye makaratasi kuwa magari maalumu. Aliyewekwa juu ya kikosi kizima, Hayashi Keizo, alikuwa mtumishi wa serikali aliyefanya kazi wizara ya mambo ya ndani, wala hakuwa ofisa wa jeshi la zamani. Uteuzi huo ulikuwa wa makusudi. Waliokuwa maofisa wa Jeshi la Kifalme walizuiwa kuingia mwanzoni, na walipoanza kuruhusiwa mwaka 1951 waliwakuta raia wameshashika uongozi.

Kikosi kilibadilishwa sura mwaka 1952, na tarehe 1 Julai 1954 sheria mbili zilianza kutumika, zikaunda vikosi vitatu, vya nchi kavu, baharini na anga, chini ya Shirika la Ulinzi lililoongozwa na raia. Mwezi mmoja kabla, tarehe 2 Juni, baraza la juu la bunge lilikuwa limepitisha azimio kwamba vikosi hivyo havitatumwa nje ya nchi. Uandikishaji ulikuwa wa hiari. Hapakuwa na mahakama za kijeshi. Askari akikosa hushtakiwa mahakama za kawaida kama raia mwingine. Na kila anayejiunga huapa kuitii katiba, katiba ileile ambayo mamilioni ya wananchi waliamini inaikataza kazi yake.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika waasisi ni Maki Tomoo, msomi wa siasa kutoka Chuo Kikuu cha Keio aliyekuwa amesoma Oxford. Yoshida alimpa kazi ya kuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Ulinzi, kilichoanza mwaka 1952 na kupewa makao Yokosuka, mahali palipo juu ya ghuba ya Tokyo. Kabla ya vita, jeshi la nchi kavu na la baharini yalikuwa yamechukiana kiasi cha kufichana habari za vita walivyokuwa wakipigana pamoja. Maki na wenzake waliamua kwamba vijana wa vikosi vyote vitatu watasoma darasa moja, watakula meza moja na kulala bweni moja, na kwamba kabla ya kuwa maofisa watakuwa watu walioelimika na raia wanaojua demokrasia ni nini. Alikiongoza chuo hadi 1965. Waliomfuata wengi pia walikuwa wasomi wa kiraia. Wanawake walichelewa mno kufunguliwa mlango huo. Walipokewa mara ya kwanza mwaka 1992.

Wahitimu wa miaka ya mwanzo waliingia katika nchi isiyowataka. Waliitwa wezi wa kodi. Askari wengi walivua sare kabla ya kutoka kambini ili wasitukanwe kwenye treni, na vyuo vikuu kadhaa viliwakatalia maofisa nafasi za masomo ya juu. Okinawa chuki ilikuwa kali zaidi, kwa sababu kule, mwaka 1945, askari wa Jeshi la Kifalme waliwafukuza raia mapangoni na kuwasukuma wajiue wasitekwe. Kisiwa kiliporejeshwa Japani Mei 1972 na Vikosi vya Kujilinda vikaingia, mji wa Naha ulikataa kwa muda kuwaandikisha askari kuwa wakazi. Marubani wa helikopta walianza kusafirisha wagonjwa mahututi kutoka visiwa vidogo hadi hospitali za Naha mwaka huohuo, usiku na mchana, na safari hizo zimefika maelfu. Kwa wakazi wengi wa visiwa vya mbali hiyo ndiyo mara ya kwanza walipomwona askari wa Kijapani akija kuokoa.

Njia hiyo ya kuwakaribia wananchi kwa kazi ilikuwa imeanza zamani. Katika miaka ya 1950 askari waliwasaidia wakulima kupanda na kuvuna mpunga, walichonga barabara na kusawazisha viwanja vya shule. Tangu 1955 wamekuwa wakijenga sanamu kubwa za theluji katika tamasha la Sapporo, wakileta theluji kwa malori kutoka milimani. Septemba 1959 kimbunga kiliipiga ghuba ya Ise karibu na Nagoya, watu zaidi ya 5,000 wakafa au kupotea, na askari wakafanya kazi huko kwa wiki nyingi wakiziba kingo za bahari. Wizara yoyote ingeweza kutangaza kwamba vikosi ni rafiki wa raia. Aliyeamini ni yule aliyemwona kijana wa miaka 20 akiingia kwenye maji machafu hadi shingoni kutafuta maiti ya mama yake.

Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964 iliwapa heshima ambayo siasa ziliwanyima. Ndege tano za kikosi cha maonyesho, Blue Impulse, zilichora pete tano za moshi angani siku ya ufunguzi, tarehe 10 Oktoba. Miyake Yoshinobu, askari wa nchi kavu, alitwaa dhahabu ya kunyanyua vitu vizito. Na katika marathoni, askari mwenzake Tsuburaya Kokichi aliingia uwanjani akiwa wa pili, nyuma ya Abebe Bikila wa Ethiopia, naye askari wa kikosi cha kumlinda mfalme wake. Mwingereza Basil Heatley alimpita Tsuburaya uwanjani humo, mbele ya umati wa nyumbani, na shaba ikawa yake. Aliumia, mwili ukakataa kurudi kama zamani, na taifa lilikuwa limeshamwekea matumaini ya Michezo ya Mexico ya 1968. Januari mwaka huo alijiua katika bweni la shule ya michezo ya jeshi, akiwa na umri wa miaka 27. Taasisi iliyokuwa ikitafuta kupendwa ilimbebesha kijana mmoja mzigo uliopaswa kubebwa na wote, na hilo lazima lisemwe katika kila kumbukumbu yake.

Tarehe 25 Novemba 1970, Ichigaya iliona jambo jingine. Mwandishi Mishima Yukio, mashuhuri kuliko wote wa kizazi chake, aliingia na vijana wanne katika ofisi ya mkuu wa Jeshi la Mashariki, wakamfunga kamba, kisha Mishima akasimama kwenye roshani na kuwahutubia askari wapatao 1,000 waliokusanyika chini. Aliwataka waasi, waipindue katiba na kumrudishia mfalme utukufu wake. Wakamzomea. Alirudi ndani na kujiua kwa upanga. Walimwengu wengi hukumbuka kifo chake. Mimi huwakumbuka wale askari uwanjani. Miaka 34 nyuma, katika mji huohuo, maofisa vijana walikuwa wamesikia maneno ya aina hiyo wakatoka na bunduki kwenda kuua. Safari hii hakuna aliyeondoka mahali pake kumfuata. Kazi ya Maki, ya Hayashi na ya wengi wasiojulikana ilikuwa imezaa.

Mahakama hazikuwa na raha na vikosi hivi. Mwaka 1973 Jaji Fukushima Shigeo wa Mahakama ya Wilaya ya Sapporo, katika kesi ya wakulima wa Naganuma waliopinga msitu kukatwa ili pajengwe kituo cha makombora, aliamua kwamba Vikosi vya Kujilinda vinavunja katiba. Mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo mwaka 1976, na mwaka 1982 Mahakama Kuu ya nchi ikaimaliza kesi bila kuligusa swali lenyewe. Swali limebaki hewani. Na ni afya limebaki, maana kila waziri anayetaka kuongeza silaha hujikuta akijieleza upya mbele ya umma kwa nini, kwa kiasi gani na kwa mipaka ipi.

Mwaka 1991 mipaka ilianza kusogezwa. Vita vya Ghuba vilipokwisha, Japani ilikuwa imechangia dola za Marekani bilioni 13, na Kuwait ilipochapisha shukrani zake kwa mataifa, haikuitaja. Aprili mwaka huo meli sita ziliondoka kwenda Ghuba ya Uajemi kutegua mabomu ya baharini. Zikategua 34 na kurudi salama. Kamanda wake, Ochiai Taosa, alikuwa mtoto wa Admirali Ota Minoru, aliyejiua Okinawa Juni 1945 pamoja na vikosi vyake vilivyoshindwa. Mwaka uliofuata bunge, baada ya mabishano ya usiku kucha, lilipitisha sheria ya kushiriki kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Wahandisi wakapelekwa Cambodia, kisha kikosi cha kuratibu usafiri kikaenda Msumbiji mwaka 1993.

Safari inayotuhusu zaidi ni ya Goma. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi wapatao milioni moja walivuka mpaka na kuingia Zaire, na kipindupindu kikawafyeka kwa maelfu juu ya mawe ya volkano yasiyochimbika hata kaburi. Waziri Mkuu wa Japani wakati huo alikuwa Murayama Tomiichi, kiongozi wa chama cha Kisoshalisti ambacho kwa miongo minne kilikuwa kimeviita vikosi hivi haramu. Mwezi huohuo wa Julai alisimama bungeni na kusema vinakubaliana na katiba. Kisha akavituma. Askari wapatao 260 walifika Goma kuanzia Septemba, na ndege zao za C-130 zikawa zikiruka kati ya Nairobi na Goma zikibeba watu na mizigo ya misaada. Walisafisha maji, walitibu wagonjwa, walipulizia dawa katika kambi, na kufikia Desemba walikuwa wamerudi kwao.

Walichelewa. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kupita kilele chake walipowasili, na huko Tokyo muda ulikuwa umepotea kubishania kama wachukue bunduki moja ya rashasha au mbili. Waliruhusiwa moja. Katika kambi zile walikuwamo wauaji wenye silaha waliojificha kati ya wakimbizi, hivyo woga wa askari haukuwa wa kubuni. Hata hivyo sioni aibu katika ubishi ule. Nchi iliyowahi kupeleka majeshi Asia nzima bila kumwuliza mtu ilikuwa ikihesabu rashasha moja mbele ya bunge lake, hadharani. Nchi ngapi za maziwa makuu zimewahi kuulizwa swali la namna hiyo na wabunge wao?

Murayama alikuwa bado madarakani tarehe 17 Januari 1995, saa 11:46 alfajiri, tetemeko lilipoipiga Kobe na kuua watu 6,434. Hapo ndipo kutoaminiana kwa miaka 40 kulipodai bei yake. Kwa sheria, askari hawakuweza kutoka kwa wingi hadi gavana wa mkoa aombe, na ombi la gavana wa Hyogo lilitoka karibu saa nne asubuhi. Mikoa mingi ilikuwa imekwepa kufanya mazoezi pamoja na jeshi, simu zilikatika, na hakukuwa na mazoea ya kuzungumza. Kikosi cha 36 kilichoko Itami kilitoka kwa hiari ya makamanda wake kwenda kwenye stesheni iliyoanguka jirani na kambi. Wengine walingoja huku moto ukisambaa mitaani. Baada ya hapo taratibu zilibadilishwa, mameya wakapata njia ya kuomba msaada, na mazoezi ya pamoja yakawa kitu cha kawaida. Miezi miwili tu baadaye, Machi 20, kikundi cha dini kiliachia gesi ya sarini katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo, na wataalamu wa kemikali wa jeshi ndio walioingia kuzisafisha.

Kobe ilifundisha, na Tohoku, kanda ya kaskazini-mashariki, ikapima. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la kipimo cha 9.0 lilifuatwa na tsunami iliyoua watu karibu 16,000, mbali na waliopotea. Jeshi lenyewe lilipigwa: uwanja wa ndege wa Matsushima mkoani Miyagi ulifunikwa na maji na ndege za kivita 18 zikaharibika. Ndani ya wiki moja askari wapatao 100,000 walikuwa kazini, karibu nusu ya jeshi zima. Vikosi vya nchi kavu, baharini na anga viliwekwa chini ya kamanda mmoja katika shughuli kama hiyo kwa mara ya kwanza. Kamanda huyo, Luteni Jenerali Kimizuka Eiji, alikuwa mhitimu wa chuo cha Yokosuka, na maofisa wa vikosi vingine aliopaswa kuwaamuru walikuwa wametoka katika mabweni yaleyale.

Waliokoa watu wapatao 19,000. Walifukua maiti zaidi ya 9,000, nyingine zikiwa za jirani na jamaa wa askari wenyewe, maana vikosi vya Tohoku vimejaa vijana wa Tohoku. Waliziosha, wakazifunga vizuri, wakaziinamia kabla ya kuzibeba. Walipikia waathirika wali wa moto huku wao wakila chakula baridi cha kopo. Walisimamisha mahema ya kuogea yenye maji ya moto, na kwa Mjapani aliyekaa wiki mbili na matope ya tsunami mwilini, kuoga kulimrudishia utu wake. Tarehe 17 Machi helikopta mbili za CH-47 ziliruka juu ya vinu vya nyuklia vya Fukushima Daiichi kumwaga maji, sakafu zikiwa zimewekewa bamba za kuzuia mionzi. Maji mengi yalipeperushwa na upepo. Marubani walijua yanaweza kupeperushwa, na walikwenda. Mwaka uliofuata uchunguzi wa maoni wa serikali ulionyesha kwamba 91.7% ya wananchi wana picha nzuri ya vikosi hivi.

Katika viwanja vya Ichigaya pana mnara wa waliokufa kazini. Majina yamezidi 2,000. Wengi walikufa katika ajali za ndege, meli na mazoezi. Hakuna aliyekufa kwa risasi ya adui vitani. Kila mwaka waziri mkuu na familia za marehemu hukusanyika hapo.

Imani ya umma ni mali, na mali huvutia watumiaji. Mwaka 2007 Shirika la Ulinzi likawa wizara kamili. Tangu 2009 meli za Japani zimekuwa zikisindikiza meli za mizigo katika Ghuba ya Aden dhidi ya maharamia wa Somalia, na mwaka 2011 kituo chao kikafunguliwa Djibouti, cha kwanza cha kudumu nje ya nchi tangu vita. Septemba 2015, waandamanaji wakiwa wamelizunguka bunge, serikali ya Abe Shinzo ilipitisha sheria zinazoruhusu Japani kupigana kumsaidia mshirika aliyeshambuliwa. Desemba 2022 ilikubaliwa kutumia yeni trilioni 43 kwa ulinzi katika miaka mitano, pamoja na makombora ya kufika mbali. Korea Kaskazini inarusha makombora, China imekuwa na nguvu kubwa baharini, Urusi imeivamia Ukraine. Hofu ya Wajapani ina sababu. Lakini waliosema ndiyo katika uchunguzi wa maoni wa 2012 walisema ndiyo kwa mahema ya kuogea na beleshi. Kuichukua ndiyo hiyo na kuitumia kama kibali cha makombora bila kuwauliza upya ni kuwadhulumu wao na askari pia.

Mfano wa hatari hiyo uko karibu nasi. Wahandisi wa Kijapani walifanya kazi Juba kuanzia 2012, wakijenga barabara za nchi changa ya Sudan Kusini. Julai 2016 vita viliripuka mjini humo, mamia wakafa. Askari waliandika waliyoyaona katika ripoti zao za kila siku, ikiwamo mapigano. Wizara ilisema ripoti hizo zimekwisha kuteketezwa. Baadaye zikaonekana zipo. Kikosi kiliondolewa Mei 2017, na Julai Waziri wa Ulinzi Inada Tomomi akajiuzulu. Askari walisema kweli kwenye karatasi, na wakubwa wao wakaifungia. Ninaona afadhali ya Embakasi, Nairobi, ambako tangu 2015 wakufunzi wa Kijapani, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa, wamewafundisha askari wahandisi wa Afrika kuendesha na kutunza greda na tingatinga za kazi za kulinda amani. Huko kinachofanyika kinaonekana kwa macho.

Leo taasisi hii ina shida ambayo fedha haziimalizi: vijana hawaji. Watoto wanaozaliwa Japani wanapungua kila mwaka. Umri wa juu wa kujiunga ulipandishwa kutoka miaka 26 hadi 32 mwaka 2018, na bado, katika mwaka wa fedha wa 2023, walioandikishwa walikuwa karibu nusu tu ya waliohitajiwa. Wanawake ni karibu asilimia 9.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Gonoi Rina, mzaliwa wa Higashimatsushima. Tsunami ilipoharibu mji wake alikuwa mtoto wa shule ya msingi, na wanajeshi wanawake waliomhudumia yeye na familia yake katika kambi ya waathirika ndio waliomfanya atake kuwa askari. Alijiunga mwaka 2020. Mwaka uliofuata, mazoezini Hokkaido, wanaume wa kikosi chake walimdhalilisha kijinsia mbele ya wenzao. Aliripoti, hakusikilizwa. Aliacha kazi Juni 2022 na kujitokeza hadharani kwa jina na sura yake, akatukanwa sana. Septemba mwaka huo jeshi lilikiri na kumwomba radhi, na Desemba 2023 Mahakama ya Wilaya ya Fukushima iliwatia hatiani watatu kati yao, kwa vifungo vya nje.

Wizara ilipofungua uchunguzi katika vikosi vyote baada ya kesi yake, malalamiko ya unyanyasaji yaliyofika yalizidi 1,300. Yeye alikuwa ameletwa jeshini na kazi bora kuliko zote ambazo taasisi hii imewahi kufanya, na ikampoteza kwa sababu makamanda wake hawakutaka kusikia. Kati ya mageuzi yote yanayopangwa Ichigaya kwa mamilioni ya mamilioni ya yeni, hilo la makamanda kusikia ndilo ningetaka litangulie.